Mji wa Mlimani Hauna Pa Kujificha: Somo Kutoka Vijiji Vitatu vya Italia

Leo nataka tusafiri kidogo. Hakuna nauli, hakuna viza. Chukua Biblia yako, fungua Mathayo 5:14-16, usome taratibu, halafu turudi hapa.

Umesoma? Basi umeona kwamba Yesu anatufananisha na mji uliojengwa mlimani. Mji wa namna hiyo huonekana na kila mtu, upende usipende. Swali la leo ni hili: watu wanaona nini wakikutazama?

Kwa nini walijenga juu?

Ukipita katikati ya Italia, mikoa ya Umbria, Toscana na Lazio, utaona jambo la ajabu. Bondeni kuna mashamba, na kileleni kabisa kuna nyumba za mawe zilizobanana, mnara wa kanisa katikati na ukuta kuzunguka. Maji hayako karibu, shamba liko mbali, kupanda kunachosha. Kwa nini basi waliishi huko?

Sababu kubwa ni hofu. Adui akija, aonekane mapema, na apate shida kupanda. Tena mabonde mengi yalikuwa na madimbwi na malaria, ugonjwa ambao sisi hatuhitaji kuelezwa. Na ardhi nzuri ya chini ilibaki kwa ajili ya kulima. Kwa hiyo usidhani miji hii ilijengwa ili iwe nuru kwa wengine. Ilijengwa ili iwe salama. Milango ilifungwa usiku, na mji mmoja ulipigana na mwingine. Mwaka 1202 vijana wa Assisi walishuka kupigana na Perugia, mji wa kilima cha pili, ng'ambo ya bonde. Walishindwa. Kijana mmoja mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa alitekwa, akakaa kifungoni karibu mwaka mzima. Unamfahamu: ni Mtakatifu Fransisko.

1. Greccio: toka nje ya lango

Miaka zaidi ya ishirini baadaye, mwaka 1223, Fransisko yule yule alikuwa Greccio, kijiji cha mlimani juu ya bonde la Rieti. Siku kama kumi na tano kabla ya Noeli alimwomba rafiki yake Giovanni, bwana mwenye heshima wa pale, aandae hori, nyasi kavu, ng'ombe na punda. Alitaka kuona kwa macho jinsi Mtoto Yesu alivyolazwa katika umaskini.

Angalia mahali alipochagua. Hakuweka hori katika nyumba ya bwana, ndani ya ukuta. Aliliweka pangoni, kwenye jabali nje ya kijiji. Watu wakatoka majumbani usiku wa baridi, wanaume kwa wanawake, na mienge na mishumaa mikononi. Misa ikaadhimishwa juu ya hori, na Fransisko, aliyekuwa shemasi, akaimba Injili. Hapakuwa na sanamu yoyote. Waliofika ndio waliokuwa wachungaji wa usiku ule. Ndiyo maana hadi leo tunatengeneza pango la Noeli, na Papa Fransisko alikwenda pale pale tarehe 1 Desemba 2019 kutia sahihi barua yake kuhusu pango hilo.

Aliyekuwa askari wa mji mmoja dhidi ya mwingine sasa anawaita watu watoke nje ya lango, wakutane kwa Mtoto asiye na ukuta wala silaha.

2. Roccaporena na Cascia: adui aliye ndani

Sasa twende kwenye milima ya Umbria. Cascia ni mji wa kilimani, na kilomita chache kutoka hapo kipo Roccaporena, kijiji kidogo kilichobanwa na milima, na jabali kubwa limesimama juu yake. Hapo ndipo alipozaliwa Mtakatifu Rita, ambaye mama zetu wengi humkimbilia katika mambo yaliyoshindikana.

Ukuta huzuia adui wa nje. Lakini shida ya watu wa kule ilikuwa ndani: koo zilizolipizana kisasi. Mume wa Rita aliuawa kwa uhasama huo. Wanawe wawili, vijana kama wewe na mimi, walitaka kulipiza damu ya baba yao, na kwa desturi ya siku zile asiyelipiza alionekana si mwanaume. Mapokeo yanasema Rita aliomba afadhali Mungu awachukue kuliko wawe wauaji, na wote wawili walikufa kwa ugonjwa.

Sala hiyo ni ngumu, sikufichi. Mimi nisingeweza kuiomba. Lakini inaonyesha jinsi alivyoogopa dhambi kuliko kifo. Na hakuishia kulia. Alipotaka kuingia utawani kwa masista Waagustino wa Cascia alikataliwa kwanza. Inasimuliwa kwamba hakupokelewa mpaka alipozipatanisha familia zile zilizomwaga damu. Akaishi utawani miaka karibu arobaini. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1900, na sikukuu yake ni tarehe 22 Mei.

3. Civita di Bagnoregio: mwamba nao huisha

Kijiji cha mwisho ndicho kinachonigusa zaidi. Civita, mkoani Lazio, ilianzishwa na Waetruski, watu walioishi Italia kabla ya utawala wa Roma kuenea. Imekaa juu ya mwamba uliotokana na majivu ya volkano, na chini ya mwamba huo kuna udongo wa mfinyanzi. Mvua na vijito vinaula udongo, mwamba unabaki bila tegemeo, unapasuka, na vipande vya mji vinaporomoka bondeni. Tetemeko la mwaka 1695 lilifanya watu wengi wahame. Leo unafika kwa miguu tu, juu ya daraja refu jembamba, na wakazi wa kudumu unaweza kuwahesabu kwa dakika moja. Waitaliano wanauita mji unaokufa.

Hapo ndipo alipokulia Mtakatifu Bonaventura. Nyumba ya utoto wake haipo. Ilikwenda na jabali, imebaki sehemu ndogo tu ukingoni.

Lakini yeye je? Mwaka 1257 alichaguliwa kuwaongoza Ndugu Wadogo wa Fransisko wakati ndugu wanagombana kuhusu namna ya kuishi ufukara, akatumia miaka mingi kuwaweka pamoja. Alifariki Lyon mwaka 1274, katikati ya Mtaguso uliokuwa ukitafuta umoja na Wakristo wa Mashariki. Mwaka 1588 akatangazwa Mwalimu wa Kanisa. Nyumba imeanguka, amani aliyoijenga inasomwa mpaka leo.

Na sisi?

Sisi nasi tuna vilima vyetu. Tunapanda juu tusiguswe: kabila letu, kundi letu la kwaya, simu yenye namba tulizozizuia. Mimi mwenyewe niligombana na mtoto wa baba mdogo kwa sababu ya mpaka wa shamba. Mwaka wa pili sasa hatusalimiani, na Jumapili napokea Ekaristi nikiwa nimetulia kabisa, kama vile hakuna kitu. Nilipofika kwa Rita katika kuandaa somo hili, kalamu ilikwama. Nikampigia. Hakupokea. Nitapiga tena.

Kilima chenyewe si nuru. Mji ulio juu ukiwa na chuki, chuki ndiyo inayoonekana kutoka mbali. Nuru ni mtu anayefungua lango.

Maswali ya kutafakari (peke yako au kwenye jumuiya)

1. Ni ukuta gani nimejijengea kwa sababu ya hofu?
2. Kuna kisasi gani nyumbani kwetu ambacho kinasubiri mtu mmoja akisimamishe?
3. Vitu ninavyovitegemea vikiporomoka kama Civita, nini kitabaki?

Tendo la wiki: mtafute mtu mmoja ambaye hamsalimiani. Anza wewe.

Tusali: Bwana Yesu, uliyelazwa horini bila ukuta wala mlinzi, tuondolee hofu inayotufungia ndani. Tupe ujasiri wa Rita wa kupatanisha, na moyo wa Bonaventura wa kuwaweka ndugu pamoja. Watu wakitutazama, wakuone wewe. Amina.

Mtakatifu Fransisko, Mtakatifu Rita, Mtakatifu Bonaventura, mtuombee.