Homa ya nguruwe ikiingia Kyela: serikali itafanya nini, na wewe ujipange vipi

 

Swali ninaloulizwa sana na vijana wenye mabanda ya nguruwe ni hili: "Afisa, ugonjwa ukiingia serikali imejiandaaje? Na je, tutafidiwa?" Ni swali la haki kabisa. Kijana amechukua mkopo wa vijana wa halmashauri, amejenga banda la tofali, ana majike sita na dume moja, pumba za mpunga ananunua kwa gunia. Nguruwe wote wakifa ndani ya wiki mbili, mkopo haufi nao.

Somo la leo basi ni homa ya nguruwe ya Afrika. Magonjwa mengine yapo, na nitayagusa, lakini huu ndio unaoweza kukufilisi kwa kasi kuliko yote, na sisi wa Kyela tuna historia nao.

Mwaka 2010 ugonjwa huu uliripotiwa hapa hapa Kyela. Mwaka 2011 tayari ulikuwa Dar es Salaam. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) walipochunguza virusi vya mlipuko ule walikuta ni aina ya pili, ile iliyokwishajulikana Msumbiji, Madagaska na Zambia. Ni aina hiyo hiyo iliyotoka upande huu wa Afrika ikatua Georgia mwaka 2007, na mwaka 2018 ikaingia China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko zote duniani. Sasa jiulize, virusi vilisafirije kutoka Kyela mpaka Dar? Havina mabawa. Vinapanda lori pamoja na nguruwe hai, au vinakaa ndani ya nyama. Aliyevibeba ni mtu mwenye haraka ya kuuza.

Tuko mpakani. Ng'ambo ya Mto Songwe ni Malawi, na ndugu zetu wa huku na huko wanaoana, wanazikana, wanapelekeana nyama. Kasumulu kuna kituo cha mpaka na wakaguzi, sawa, lakini mto una vivuko vingi na mkaguzi hawezi kusimama kwenye kila mtumbwi. Kwa hiyo ukisikia ugonjwa uko Karonga, usiseme "huko ni Malawi". Hesabu kwamba uko kijiji cha jirani.

Ugonjwa wenyewe

Ni virusi. Haviambukizi binadamu, hilo liwekwe wazi, maana kuna wanaoacha kuripoti wakiogopa majirani watasema wamelishwa sumu. Nguruwe akishapata, kwa kawaida dalili zinaanza kati ya siku 4 na 19. Anakosa hamu ya kula, anajikunyata, joto linapanda mpaka nyuzi 40 hadi 42, masikio, tumbo na miguu vinageuka vyekundu au kama zambarau. Wengine wanatapika, wengine wanaharisha damu, majike yenye mimba yanatupa. Wapo wanaokufa ghafla kabla hujaona chochote. Katika banda ambalo halijawahi kuguswa wanaweza kufa karibu wote.

Dawa hakuna. Chanjo kwetu hakuna pia. Vietnam waliruhusu chanjo yao mwaka 2023, lakini huku kwetu usimwamini mtu anayekuja na chupa akisema ni chanjo ya homa ya nguruwe. Hata ile OTC mnayopenda kuchoma kila nguruwe akinuna, hapa haisaidii kitu, inaua bakteria tu. Mbaya zaidi ni sindano moja kutumika banda zima. Ukimchoma mgonjwa kisha ukamchoma mzima kwa sindano ile ile, umemhamishia damu yenye virusi kwa mkono wako. Na yule jamaa wa kuchoma sindano akitoka kwako anakwenda kwa jirani.

Yapo magonjwa ya bakteria yanayofanana nao, yenye homa na madoa mekundu, na hayo yanatibika. Ndiyo maana kwa macho hatuwezi kusema kwa uhakika. Ni maabara tu.

Porini huku Afrika virusi hivi vinaishi kwa ngiri na kwa papasi, wale kupe laini wanaojificha kwenye mashimo na nyufa. Kwa Kyela, hata hivyo, mimi sikuhangaishi sana na ngiri. Njia kubwa ya maambukizi kwetu ni nguruwe kwa nguruwe, nyama, makombo na buti za watu. Nguruwe anayezurura kijijini anaokota chochote, mifupa ya kitimoto ikiwemo. Makombo ya hotelini nayo ni hivyo hivyo. Kama lazima uyatumie, yachemke dakika 30 huku unakoroga. Kupasha moto kidogo hakutoshi. Kumpeleka jike kwa dume la jirani, ambalo limeshatembelewa na majike ya vijiji vitatu, nako ni kucheza na moto.

Serikali inafanya nini

Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Na. 17 ya mwaka 2003, inamtaka mwenye mnyama atoe taarifa akihisi ugonjwa wa aina hii. Taarifa inaanza kwa afisa mifugo wa kata au mwenyekiti wa kijiji, inakwenda kwa daktari wa mifugo wa wilaya, na kutoka hapo kwa Mkurugenzi wa Huduma za Veterinari wizarani. Siku hizi kuna maafisa wanaotuma taarifa kwa simu kupitia programu ya EMA-i iliyoletwa na FAO, hivyo habari ya kijijini inaweza kuonekana wizarani siku hiyo hiyo. Sampuli za damu na viungo, hasa wengu na tezi, zinapelekwa Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), wenye makao makuu Temeke, Dar es Salaam, na matawi kwenye kanda. Ugonjwa ukithibitika, karantini inatangazwa: hakuna nguruwe kuingia wala kutoka, machinjio ya nguruwe yanafungwa, nyama haisafirishwi.

Kwa upande wa chanjo serikali imesogea. Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo kule Bariadi, Simiyu, ya miaka mitano. Ng'ombe anachanjwa dhidi ya homa ya mapafu kwa ruzuku, mfugaji anachangia sh. 500. Mbuzi na kondoo ni sotoka yao, sh. 300. Kuku wanachanjwa bure, mdondo ukiwa ndio adui mkuu. Mwenye kuku na ng'ombe wa Kinyakyusa hapo nyumbani asikose, na hereni za utambuzi azikubali. Siku ya mlipuko ni rahisi kujua mnyama yupi katoka wapi.

Ila umeona mwenyewe: nguruwe hayumo. Si kwamba wamemsahau, ni kwa kuwa chanjo ya ugonjwa huu haipo. Kwa nguruwe, maandalizi ya serikali ni taarifa, maabara na karantini. Yote matatu yanaanza kufanya kazi baada ya wewe kufungua mdomo. Ukikaa kimya siku tano, hata maabara iwe nzuri namna gani, inasubiri sampuli ambayo haijaja.

Na fidia? Nitasema kama ninavyoijua hali. Katika milipuko ya homa ya nguruwe nchini, wafugaji wengi wameibeba hasara wenyewe. Usipange biashara yako kwa kutegemea fidia. Kwa maoni yangu, hapa ndipo maandalizi yetu yanapovuja. Mtu anayejua kwamba akiripoti atapoteza kila kitu, na asiporipoti anaweza kuuza wawili watatu, tunamwomba uzalendo wakati anadaiwa. Halmashauri zikiweza kutenga hata kidogo kwa ajili ya wale wanaoripoti mapema, au kuwasogezea muda wa kurejesha mkopo, nadhani tungepata taarifa za siku ya kwanza badala ya siku ya kumi. Vikundi vyenu vina haki ya kulisema hilo kwenye vikao, na mliseme kabla ya mlipuko.

Bima ya mifugo ipo kwa baadhi ya makampuni. Kabla hujalipa, uliza mambo mawili na upate majibu kwa maandishi: je, homa ya nguruwe imo? Na je, nguruwe akiuawa kwa amri ya daktari wa mifugo, analipwa kama aliyekufa kwa ugonjwa? Ukijibiwa "tutaangalia", hiyo si bima.

Ile asubuhi yenyewe

Tuseme una nguruwe 20. Jumatatu mmoja amekufa, wawili hawali. Saa nne anakuja mchuuzi na bodaboda, ameshasikia, anakupa nusu bei kwa wote wanaosimama. Kichwa kinakwambia chukua.

Tupige hesabu. Ukiuza, umeokoa hela ya wiki hii. Nyama imekwenda vibanda vitatu vya kitimoto, na kwenye nyama mbichi, hasa iliyogandishwa, virusi vinadumu miezi. Mifupa na maji ya kuoshea yanarudi kwa nguruwe wanaozurura. Baada ya wiki tatu kata nzima inaugua, karantini inatangazwa, na inakaa muda mrefu kwa sababu mabanda yenye ugonjwa ni mengi. Sasa hata ukitaka kuanza upya hakuna wa kukuuzia mbegu wala wa kukununulia. Ukiripoti Jumatatu ile ile, inawezekana kabisa ukapoteza wote 20. Sikudanganyi. Lakini ugonjwa ukizuiliwa kwenye mabanda mawili, soko linafunguliwa mapema, na wateja wako bado wapo.

Kwa hiyo mchuuzi asiingie. Funga mlango, piga simu kwa afisa mifugo. Usichinje, usimpasue aliyekufa kutafuta sababu, maana damu ndiyo yenye virusi vingi. Anayehudumia wagonjwa asikanyage kwa wazima. Watoto na mbwa wakae mbali. Majirani waambie, hata kama aibu inakubana.

Kuzika kwetu ni kazi ngumu kuliko kwingine. Mwongozo unasema shimo la mita mbili, chokaa juu, kisha udongo. Kyela ukichimba mita moja tu wakati wa masika unakutana na maji, na mafuriko ya Machi na Aprili yanaweza kufukua mzoga na kuupeleka mpaka kwenye majaruba ya mpunga ya watu. Kwa hiyo sehemu ya kuzikia ichaguliwe sasa, kiangazi, mahali palipoinuka, mbali na visima na mito. Kijiji kikubaliane. Kama mwinuko haupo kabisa, andaeni namna ya kuchoma moto, na kuni za kuchomea mzoga mmoja ni nyingi kuliko unavyofikiri. Kutupa mtoni, iwe Kiwira au Mbaka, ni kumpelekea ugonjwa mwenzako wa chini ya mto.

Kabla haijafika

Zungushia banda uzio, nguruwe asitoke na wa jirani asiingie. Buti za bandani zibaki bandani. Weka mlangoni beseni la dawa ya kuua vijidudu, lakini kumbuka dawa haifanyi kazi kwenye buti lenye kinyesi: osha kwa brashi na sabuni kwanza, kisha chovya. Maji ya dawa yakichafuka, badilisha. Na sheria hii inanihusu mimi kwanza. Afisa ugani anatembelea mabanda manne kwa siku, ndiye mgeni hatari kuliko wote. Nikija kwako na buti zenye matope ya kwa mwenzako, nizuie mlangoni. Sitanuna.

Nguruwe mpya asichanganywe. Mtenge angalau siku 30, umhudumie mwisho baada ya wale wa zamani. Andika kwenye daftari tarehe uliyomnunua, kwa nani, kijiji gani. Daftari hilo ndilo daktari wa wilaya ataliomba kwanza siku ya mlipuko.

Swali la mwisho nililoletewa ni kutoka kwa dada mmoja: nguruwe wakishakufa wote, anaanza lini tena? Kwanza karantini iondolewe rasmi. Ondoa matandiko yote na mbao zilizooza, choma. Sugua sakafu na kuta kwa maji na sabuni, piga dawa, ziba nyufa ambamo papasi wanaweza kujificha. Liache banda tupu siku 40. Kisha ingiza wachache wa majaribio, kama wawili kwa banda la nguruwe 20, na wapite vyumba vyote kwa zamu ili hakuna kona isiyojaribiwa. Waangalie siku 40 nyingine. Mmoja akiugua, mpigie afisa mifugo, usubiri majibu ya maabara. Wakibaki wazima, nunua wengine kwa mfugaji unayemfahamu na ambaye banda lake umeliona kwa macho, ukisimama nje ya uzio.