Kifaranga Akikwama Ndani ya Yai: Tumsaidie Lini?

Katika ziara zetu za vikundi vya ufugaji Bukoba na Muleba, swali moja hujirudia kila penye mashine ya kutotolesha: kifaranga ametoboa ganda lakini hatoki, tufanye nini?

Tukiri kwanza kosa letu. Kikundi kimoja cha akina mama wilayani Muleba kilinunua mayai ya kuku wa kienyeji kwa fedha za hisa zao. Tulifika alasiri ya siku ya 21. Mayai kadhaa yalikuwa na tundu tangu asubuhi, na vifaranga walikuwa wakilia ndani. Tukaona huruma, tukaanza kumenya. Damu ikatoka. Hakuna tuliyemmenya aliyefika kesho yake, lakini wale ambao hatukuwagusa kwa sababu giza liliingia walitoka wenyewe usiku. Akina mama hawakutulaumu, ila bibi mmoja alituuliza kama tumewahi kuona kuku akimenya mayai yake.

Kwa nini walikufa? Kifaranga akishatoboa ganda hupumzika, mara nyingi saa 12 hadi 24. Kwa macho yetu amekwama, kumbe ana kazi. Mapafu yake ndiyo kwanza yanaanza kuvuta hewa, damu iliyomo kwenye utando wa ndani ya ganda inarudi mwilini, na kiini kilichobaki kinavutwa tumboni kupitia kitovu. Ukimenya kabla kazi hiyo haijaisha unakata mishipa yenye damu.

Kwa hiyo andika kwa penseli juu ya yai saa ulipoliona tundu. Zikipita saa 24 bila ufa kuongezeka, hapo fikiria kusaidia. Nawa mikono. Toa yai moja tu na ufunge mashine haraka. Panua tundu kidogo penye mdomo ili apate hewa, kisha lowesha utando kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa, ukiangalia yasiingie puani. Utando ukilowa huonyesha mishipa. Ukiona mishipa myekundu, acha, rudisha yai, subiri saa kadhaa. Kama hakuna damu, bandua ganda kidogo kidogo kuzunguka upande mnene, kama kifuniko. Akiwa ameinamisha kichwa chini ya bawa, kitoe taratibu. Sehemu ya chini mwachie ajisukume mwenyewe. Usimvute kamwe, kwa kuwa kiini huenda bado kiko nje. Kitovu kikiwa kibichi, kipake iodini.

Wapo waliotoboa upande mwembamba wa yai. Hao wamegeuka vibaya na mara nyingi ndio wanaohitaji msaada, lakini nao wasubiriwe vilevile.

Vifaranga wengi wakikwama kwa pamoja, kosa liko kwenye mashine au kwa mwangalizi wake. Siku 18 za kwanza unyevu uwe asilimia 50 hadi 55. Siku tatu za mwisho upande hadi 65 au 70, na mayai yasigeuzwe tena. Mashine yenye feni iwe nyuzi joto 37.5. Unyevu ukipungua mwishoni, utando hukauka na kumbana kifaranga kama plastiki. Ukizidi tangu mwanzo, kifaranga huvimba kwa maji akakosa nafasi ya kugeuka. Kinachokausha zaidi ni kufungua mlango, na siku ya 21 kila jirani anataka kuchungulia! Tazameni kwa kioo. Waliokwisha kutoka wasiwatie haraka. Kiini kilichomo tumboni huwatosha siku mbili bila chakula.

Umeme ukikatika, funika mashine kwa blanketi bila kuziba matundu ya hewa, na usifungue. Andikeni kwenye daftari saa ulipokatika na uliporudi, maana ndilo jambo la kwanza tutakalowauliza tukija.