Ploti, Mkopo na Sahihi ya Mwenzako

Kununua ploti na kujenga vyumba vya kupangisha ni wazo jema. Shida ni kwamba mara nyingi bwana huliwaza peke yake, akakopa peke yake, na mama watoto akaja kujua siku dalali anapobisha hodi. (Wapo akina mama pia wenye ploti za siri, tusiwasingizie wanaume pekee.)

Kwanza ketini wote wawili, mpige hesabu. Tuseme mmetumia akiba yenu pamoja na mkopo wa shilingi 1,000,000 kujenga vyumba sita. Mkopo ni wa miaka minne, riba asilimia 12 kwa mwaka juu ya salio. Kila mwezi mtalipa kama shilingi 26,300. Kila chumba ni shilingi 4,500, kwa hiyo vikijaa vyote mtapata 27,000. Mnaona faida? Ngojeni. Kodi hiyo kwa mwaka ni 324,000, nayo imepita 288,000, kwa hiyo serikali hudai asilimia 7.5 ya yote mliyopokea, kiwango kilichoanza Januari 2024. Ondoeni 2,025, mbaki na 24,975. Mkopo umeshawashinda, na bado hamjarekebisha choo wala kulipa maji. Je, vyumba viwili vikikaa tupu miezi mitatu, pengo litazibwa na nini? Kama jibu ni karo ya watoto, mkopo huo ni mkubwa mno kwenu. Kopeni kidogo, jengeni vyumba viwili, na vingine vingoje.

Wengi huanzia kwenye chama cha akiba na mikopo, ambapo kwa kawaida mtu hukopeshwa mara tatu ya akiba yake akiwa na wadhamini. Kumbukeni kwamba mkishindwa kulipa, akiba ya wadhamini hao hukatwa, nao ni majirani na wenzenu kazini. Benki hutaka hati ya shamba au ya nyumba, na hapo ndipo ndoa nyingi hutikisika.

Sheria ya Ardhi ya 2012 inasema kwamba nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila sahihi ya mwenzi anayeishi humo, au ushahidi kwamba amekubali. Basi mke akiletewa karatasi jioni na kuambiwa, "Weka sahihi hapa, ni mambo ya benki," ana haki ya kuuliza: Ni pesa ngapi? Za nini? Tutalipa vipi? Kuuliza si kukosa heshima. Mkishindwa kulipa, benki hutoa notisi ya miezi mitatu isiyopungua, kisha nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza, na watakaohama ni nyote, pamoja na watoto.

Hati mpya iandikwe jina la nani? Mimi nashauri majina yote mawili, kwa umiliki wa pamoja. Mmoja akifariki, mali hubaki kwa mwenzake. Msidhani kwamba likiwa jina moja tu sheria itagawa nusu kwa nusu. Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisema kila mwenzi hupata kulingana na mchango wake. Kulea watoto na kutunza nyumba ni mchango pia, lakini kuuthibitisha mahakamani ni safari ndefu.

Kabla ya kutoa hata arubuni, tafuteni rekodi rasmi ya ploti kwa msajili wa ardhi, mjue mwenyewe ni nani na kama kuna deni juu yake. Ikiwa ni shamba la kilimo, ridhaa ya bodi ya ardhi huombwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Ikikosekana, mauziano hayana nguvu. Mara nyingi wazee wa bodi humuuliza muuzaji mkewe yuko wapi. Nendeni wote wawili, mlisikie jibu lake.