Dondoo muhimu: Waongozaji wengi, maelezo mamoja

Kabla hujaajiri mwongozaji mwingine wa watalii hapa Kindu, kaa kimya uwasikilize ulio nao. Mmoja atasema Hifadhi ya Lomami ilitangazwa 2016, mwenzake atabuni mwaka wake. Andikeni daftari moja la mambo yasiyobadilika: Livingstone alifika Nyangwe 1871, kima lesula alitambuliwa rasmi na wanasayansi 2012. Vichekesho, kila mtu abaki na vyake. Kukariri neno kwa neno huchosha wageni.

Mpya amfuate mkongwe safari tatu. Ya nne aongoze yeye, mkongwe afunge mdomo (hapo ndipo pagumu).

Mtumbwini, kwenye Lualaba, hakuna hiari: abiria mmoja akiwa hajavaa jaketi la kuokolea, kamba isifunguliwe.