Jitu la Barafu Lisilo na Barafu: Somo Kutoka Sayari ya Neptuni



Ndugu zangu katika imani, makala hii naianza kwa kujisahihisha. Muhula uliopita nilipewa zamu ya kutoa darsa baada ya Magharibi, nikachagua mada ya sayari. Nilionyesha picha ya Neptuni yenye buluu iliyokoza, nikaeleza kwamba wanasayansi wanaiita "jitu la barafu", kisha nikatamka kwa kujiamini kwamba hiyo ndiyo milima ya barafu iliyotajwa katika aya ya 43 ya Suratun Nur. Watu wakapiga takbira. Tulipotoka, dada mmoja anayesoma fizikia akaniuliza kwa upole: "Ustadh, umehakikisha kwamba ile ni barafu?" Sikuwa na jibu. Niliyoyapata baada ya kusoma ndiyo ninayowaletea hapa.

Barafu kilugha na kiistilahi

Neptuni ni sayari ya nane na ya mwisho kutoka kwenye Jua, umbali wa takriban kilomita bilioni 4.5. Upana wake unakaribia mara 4 ya upana wa Dunia, na uzito wake ni mara 17. Mwaka wake mmoja ni sawa na miaka yetu 165. Hiyo na jirani yake Uranusi ndizo zinazoitwa majitu ya barafu.

Sisi tunaosoma fiqhi hufundishwa mapema kutofautisha maana ya neno kilugha na maana yake kiistilahi. Swala kilugha ni dua; kiistilahi ni ibada yenye nguzo na masharti yake. Neno barafu nalo lina hukumu hiyo hiyo. Kwa wataalamu wa sayari, "barafu" ni jina la jumla la vitu kama maji, amonia na methani, kwa sababu vitu hivyo huganda kule mbali na Jua. Hata vikiwa vya moto na vya kutiririka, jina linabaki. Mimi nilisikia istilahi nikaifahamu kilugha.

Tuteremke ndani yake

Juu kabisa kuna gesi: hidrojeni kwa wingi, heli, na methani kidogo. Methani hufyonza mwanga mwekundu, ndiyo maana sayari huonekana ya buluu. Huko mawinguni baridi hufikia takriban nyuzi 200 chini ya sifuri, na pepo huvuma kwa zaidi ya kilomita 2,000 kwa saa. Hakuna ardhi ya kukanyaga. Kadiri unavyoshuka, gesi inazidi kubanwa na kupata joto.

Chini ya hapo, kwa maelezo yaliyozoeleka, kuna tabaka nene la maji, amonia na methani. Hapo joto ni maelfu ya nyuzi, na shinikizo ni kubwa kupita kiasi. Majaribio ya leza yaliyofanywa Marekani, ambayo matokeo yake yalichapishwa 2018 na 2019, yalionyesha kwamba maji yakibanwa na kupashwa moto kiasi hicho huwa na hali ya ajabu: oksijeni hujipanga imara kama kitu kigumu, huku hidrojeni ikipita katikati yake kama kimiminika na kupitisha umeme. Katikati kabisa hukadiriwa kuwa na kiini cha miamba na chuma.

Tumejuaje?

Hakuna aliyefika huko. Chombo kimoja tu, Voyager 2, kiliipita Neptuni tarehe 25 Agosti 1989. Yaliyobaki ni qarina.

Qarina ya kwanza ni uzito ukilinganishwa na ukubwa. Mwendo wa mwezi wake Triton unatuonyesha nguvu ya mvutano wa sayari, na kutokana nayo tunapata uzito. Ukiugawa kwa ujazo, unakuta Neptuni ina densiti ya takriban mara 1.6 ya maji. Hiyo ni kubwa mno kwa sayari ya hidrojeni na heli tupu yenye ukubwa ule, na ni ndogo mno kwa sayari ya mawe matupu.

Lakini fikiria umepewa mfuko uliofungwa. Ukiupima utajua si pamba tupu wala misumari mitupu. Huwezi kuapa, hata hivyo, kama ndani ni maharage, au ni pamba iliyochanganywa na misumari. Kwa sababu hiyo wapo wataalamu wanaosema kwamba huenda Neptuni ina mawe mengi kuliko tulivyodhani, na kwamba matabaka yake huenda yanaingiliana taratibu bila mpaka.

Qarina ya pili ni sumaku. Mhimili wa sumaku ya Neptuni umeinama takriban nyuzi 47 kutoka mhimili wa mzunguko wake, wala haupiti katikati ya sayari. Hilo linaashiria kwamba sumaku hiyo haitoki kwenye kiini, bali kwenye tabaka la juu zaidi linalotiririka na kupitisha umeme.

Katika usul tungeliita jambo hili dhanni, si qat'ii. Na dhanni si kitu cha kudharau. Mwaka 1846 Le Verrier wa Ufaransa alipiga hesabu kutokana na mwendo wa Uranusi uliokwenda kombo, na Galle akaiona Neptuni kule Berlin karibu sana na pale hesabu ilipoelekeza. Ila dhanni ina daraja yake.

Picha iliyopoteza maelezo

Hata ile buluu niliyowaonyesha ilikuwa na kasoro. Picha za 1989 zilikolezwa ili mawingu yaonekane vizuri, na zilitolewa pamoja na maelezo yanayosema hivyo. Miaka ikapita, picha ikasambaa, maelezo yakaachwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford uliotoka Januari 2024 ulionyesha kwamba Neptuni na Uranusi zina rangi zinazokaribiana, buluu iliyofifia yenye kijani. Wanafunzi wa Hadithi mnaijua hali hii: habari imenukuliwa, sharti lake limeanguka njiani.

Aya niliyoitumia inazungumzia mawingu, mvua na mvua ya mawe. Ilikuwa na maana kamili kabla sijaifunga kwenye sayari. Lau yule dada angenyamaza, na kesho mwanafunzi mwingine akagundua kwamba Neptuni si barafu, angetilia shaka nini: maneno yangu au aya? Hapo ndipo nilipoogopa.

Tutafakari mbingu, kwani tumeamrishwa kutafakari. Lakini tabayyun tuliyoamrishwa katika habari za watu, tuifanye pia katika habari za sayari, na dhana zetu tusizivishe joho la wahyi. Kwa dada yangu yule: jazakillahu khayran.

Wabillahi tawfiq.