Tiba ya Mionzi kwa Mgonjwa Mwenye Kifaa cha Moyo

Kipeperushi hiki kinawahusu wagonjwa wa saratani nchini Uingereza waliowekewa kifaa cha moyo chini ya ngozi ya kifua, pamoja na jamaa wanaowauguza. Kifaa hicho huweza kuwa pesimeka, inayousaidia moyo unaopiga polepole, au kifaa cha kushtua moyo, kinachotoa mshtuko wa umeme mapigo yanapokwenda mbio kiasi cha kuhatarisha maisha.

Wako wanaokificha kifaa wakihofu kunyimwa matibabu. Hofu hiyo haina msingi: tiba huendelea, ila hupangwa kwa uangalifu zaidi. Hatari iko katika kunyamaza.

Kwa nini tahadhari inahitajika

Mionzi inaweza kuvuruga kumbukumbu ya kielektroniki ya kifaa na kukirudisha kwenye mipangilio ya awali. Mara chache hukiharibu. Kwa sababu hiyo wataalamu huelekeza miale isipite juu ya kifaa, hukadiria kiasi cha mionzi kitakachokifikia, na kwa kawaida hulenga kisizidi grei 2. Inapowezekana, huepuka miale inayozidi megavolti 10, kwa kuwa huzalisha nyutroni zinazodhuru kifaa.

Kabla ya tiba

- Onyesha kadi ya kifaa chako. Ikiwa kiliwekwa Muscat, Nairobi, Dar es Salaam au India, hospitali ya hapa huenda haina kumbukumbu zake. Leta barua na karatasi zote ulizo nazo.
- Kliniki ya moyo itakipima kifaa na kubaini iwapo moyo wako unakitegemea wakati wote.
- Omba mkalimani. Huduma hiyo hailipiwi. Usimwachie mtoto kazi ya kutafsiri.

Wakati wa tiba

Utakuwa peke yako chumbani kwa dakika chache, lakini wahudumu watakuona kwa kamera na kukusikia. Ukihisi kizunguzungu, sema au inua mkono kama ulivyoelekezwa. Kifaa cha kushtua huenda kikasimamishwa kwa muda, kwa kompyuta au kwa sumaku maalumu, kisitoe mshtuko usiohitajika. Kabla ya kuondoka, muulize muuguzi: "Je, kifaa kimewashwa tena?" Usijaribu kutumia sumaku nyumbani.

Baada ya tiba

Kifaa hupimwa tena tiba inapokamilika, na kwa baadhi ya wagonjwa hata katikati yake. Usikose miadi hiyo ingawa unajihisi mzima, kwani hitilafu huweza kutokea bila dalili.

Wasiliana na hospitali siku hiyo hiyo ukipata kizunguzungu, mapigo yasiyo ya kawaida, au uvimbe na wekundu juu ya kifaa. Piga simu 999 iwapo mgonjwa amezimia, ana maumivu ya kifua, anapumua kwa shida, au kifaa kimemshtua zaidi ya mara moja.

Jamaa wa nyumbani nao wazijue dalili hizi, na kadi ya kifaa iwekwe mahali panapojulikana na wote.