Kinyonga Mdogo Asiye na Nguvu

Ukimwona kinyonga mchanga amefumba macho mchana, hatembei wala hali, usiseme, "Amelala tu." Kinyonga mzima hulala usiku. Huyu ni mgonjwa; pengine amekosa jua.

Jua huufanya mwili wake upate vitamini D, ili mifupa ipokee madini ya chokaa. Akikosa, mifupa hulegea, miguu hupindika, naye aweza kufa.

Fanyeni hivi:

1. Asubuhi mtoeni nje, juu ya tawi lenye jua na kivuli, achague mwenyewe. Msimweke juani ndani ya chupa, joto litamwua.
2. Nyunyizeni majani maji, maana hunywa matone.
3. Mpeni panzi wadogo walio hai.

Swali: Kwa nini jua la dirishani halitoshi? Jibu: Kioo huzuia nguvu ile iletayo vitamini.